Kaseti ya Mama na Betri Nne

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipovimba kichwa kwa sababu ya betri nne za tochi.

Nilikuwa kijana wa karakana ya fenicha pale Keko, nimepanga chumba Temeke kwa Bi Mwanahawa. Miaka ile maduka ya Kariakoo yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na kila kijana alitamani redio kaseti mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilikuwa na wokmeni kuukuu, ile redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni, na ilimaliza betri ndogo upesi kuliko mshahara. Nikaapa: sinunui mpya, nitaikuza hii hii kwa mikono yangu. Na kiapo hicho sikijutii hata leo.

Nikaunda kisanduku kwa vipande vya mninga vilivyobaki kazini, nikafunga spika ya redio iliyokufa, nikavuta waya hadi kwenye betri kubwa za tochi ili zidumu. Wokmeni ilitaka betri mbili. Nikaweka nne, nikijiambia kama mbili zinaimba, nne zitatikisa mtaa. Mtaka yote kwa pupa, unajua mwenyewe anavyoishia.

Wiki ile dereva wa lori alikuwa ameniletea kaseti kutoka Masasi. Mama yangu hakujua kuandika. Akitaka kunitumia barua alikwenda kwa jirani mwenye redio ya kurekodi, akazungumza, na kaseti ikaletwa mjini. Hiyo nilikuwa sijaisikia bado. Bi Mwanahawa, ambaye salamu za mama alizipokea kama zake, akanitolea redio yake barazani.

"Tumia hii, mwanangu. Hicho kidude chako kijaribu na kaseti zangu za taarabu, mie ninazo tele."

"Hapana, Bibi," nikasema kwa kiburi. "Mama atazungumza humu kwanza."

Nikaitia kaseti, nikabonyeza. Betri nne zikaukimbiza utepe, kisanduku kikatoa sauti nyembamba ya mbio, kama kifaranga, kisha kimya. Nilipofungua, utepe ulikuwa umejisokota ndani ya mashine, umekatika.

Bi Mwanahawa hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Redio ni yako, ivunje utakavyo," alisema taratibu. "Sauti ni ya mama yako. Nani kakupa ruhusa ya kuijaribia?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Lakini aibu haiungi utepe. Nikaunyoosha kwa ukucha, nikaukata kwa wembe, nikauunga kwa selotepu, nikaurudisha ndani ya kaseti kwa kuzungusha kalamu. Mara tano ukaachia. Mara ya sita ukashika, na safari hii tukausikiliza kwenye redio ya Bibi. Mama akasalimia ukoo mzima, akaeleza habari za mihogo na korosho, kisha akasema, "Sasa mwanangu, jambo lenyewe hasa nililotaka kukwambia..." Utepe ukaruka. "...haya, kaa salama."

Kile kipande cha katikati kilikuwa kimesagika, hakuna fundi ambaye angekiunga.

Sikukubali. Nilipopata likizo nikapanda basi la kusini, nikahangaika na tope la barabara ile siku tatu, ili nikamuulize tu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akakaa akifikiri.

"Hata silikumbuki, baba. Lilikuwa la siku ile. Ila maadamu umekuja, kaa nikwambie la leo."

Basi mwanangu, usione haya kutengeneza kikuukuu chako. Fungua, unga, kosea, rudia. Penye nia pana njia. Lakini ukijaribu kazi ya mikono yako, jaribu kwa kitu ambacho kikiharibika utapata kingine. Na neno la mzazi lisikilize kwanza, sifa zako zitangoja. Kisanduku kile cha mninga ninacho hadi leo, kinaimba vizuri kwa betri mbili.

Mungu aibariki mikono yako, na akupe masikio ya kuwahi wanaokuita wangali na sauti.