Harufu Aliyoikimbia Swala

Wiki iliyopita mama alitoa sandukuni salopeti, ile ovaroli ya kazi ya marehemu baba. Harufu ya asidi ikanichoma pua, nami nikaikumbuka alasiri moja ya kuwinda porini, upande wa Mulungwishi.

Baba alinipaka majivu na majani yaliyopondwa mwili mzima, ili wanyama wasininuse. Naye alijipaka usoni na mikononi, akiwa amevaa salopeti hiyohiyo ya kiwandani. Tukajilaza kwenye nyasi. Swala akatokea. Upepo ukageuka, akainua pua, akatoweka.

“Ni sabuni yako, weye mutoto! Si nilikukataza kuoga?”

“Papa, minye sikuoga!”

“Nyamaza! Ndiyo maana hatupelekake wasichana.”

Hakunipeleka tena. Siku hizi nabishana na kila mtu, lakini siku ile niliamini, na kwa miaka mingi nilijinusa kwapa nikitafuta kosa langu. Asidi hatukuisikia nyumbani. Kwetu hiyo ilikuwa harufu ya baba tu, hata alipoanza kukohoa, hata kikohozi kilipommaliza.

Swala aliivuta mara moja, akakimbia. Sisi tuliikimbilia kila jioni mlangoni, tukamkumbatia.