Jirani wa Upande wa Chini

Bibi mzaa mama aliondoka kwa babu, kule Izimbya, mama yangu akiwa ameachishwa ziwa tu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo Mama alibaki. Alilelewa na mashangazi ambao, kila alipokosea, walimkumbusha kwamba hata mama yake alimkimbia. Kuhusu bibi tulijua jambo moja: alinunua kibanja, yaani shamba la migomba, huko Kagoma, akafia huko.

Mwaka jana Mama, sasa mzee wa magoti mabovu, alisema anataka kuliona kaburi. Mimi naona alitaka kujua kama mama yake alimsahau. Tulitoka kwangu Miembeni, tukaenda.

Kagoma tuliulizia nyumba hadi nyumba. Kila mtu alitukaribisha kahawa, na hakuna aliyelijua jina la bibi. Mwishowe mkulima mmoja mzee, akisema huenda jina limo, alitutolea karatasi ya mauziano ya kibanja cha baba yake, iliyokunjwa ndani ya Biblia. Nilitafuta jina la bibi kwa muuzaji, kwa mnunuzi, kwa mashahidi. Halikuwamo. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, nikaikunja.

"Na mipaka umesoma?" Mama akauliza.

"Mipaka ni majirani tu, Mama."

"Bibi yako naye alikuwa jirani wa watu."

Nikaifungua tena, kwa shingo upande, nikasoma kwa sauti. Upande wa juu, njia. Upande wa chini, kwenye miti ya milamula inayogawa mashamba, kibanja cha mama wa... Lililofuata ni jina la Mama, lile la Kihaya ambalo siku hizi hakuna anayemwita nalo.

"Ndivyo alivyotaka aitwe," mzee akasema. "Jina lake mwenyewe sisi hatukulijua. Tulidhani binti alikufa, maana hakuja hata kumzika."

"Sikuambiwa," Mama akasema.

"Kaburi lipo hapo kwenye milamula. Kibanja kiliuzwa, lakini kaburi haliuzwi. Tunaliwekea nyasi kama makaburi yetu."

Nilisimama tayari kwenda. Mama hakusogea.

"Rudia hapo kwenye mpaka," akasema.

Nikarudia. Akataka tena, nikarudia. Ndipo akaomba fimbo yake.