Nilivyoyachoma mahindi yangu kwa mbolea hapa Garissa, ngamia wa mama akaponea chupuchupu

Assalamu alaikum wakuu.

Miaka mingi nasoma nyuzi zenu kimya kimya. Leo nami nina la kwangu. Ni kweli tupu, hata sehemu zinazoniaibisha nimeziacha humo humo.

Mimi ni mtu wa mifugo. Baba alichunga, babu alichunga, na mpaka ukame ulipotumalizia ng'ombe sikuwahi kushika jembe. Tulibaki na mbuzi na ngamia mmoja wa maziwa, Adey, mali ya mama.

Nikakodi kashamba ukingoni mwa mto Tana, nje kidogo ya mji, nipande mahindi.

Mama, ambaye sisi humwita hooyo, alicheka weee. Hakunikataza, ila alitoa sharti.

"Misimu miwili tu. Ukishindwa, namuuza Adey watoto wako wasome, na wewe uende mjini ukalinde geti za watu."

Wakuu, Adey si mnyama tu pale nyumbani. Hooyo humwimbia akimkamua. Chai isiyo na maziwa yake haigusi. Kwa hiyo niliingia shambani na presha.

Msimu wa kwanza nikanunua mbolea, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia (top dressing). Sikuuliza mtu.

Sasa sikieni akili ya mfugaji. Ngamia unamnywesha mara moja, anashiba, mnasafiri siku nyingi bila shida. Nikaona shamba nalo ni hivyo hivyo. Nikachanganya mbolea zote mbili, nikatia konzi nzima kila shimo, mbegu juu yake, nikafukia.

Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja kweli. Wengine warudi shambani kuongeza mbolea, mimi nishamaliza!

Nusu ya mbegu haikuota. Zilizoota zikakauka ncha za majani kama zimepitiwa na moto. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Wapi!

Jirani yangu pale ni Mama Habiba, Mmunyoyaya. Watu wake wamelima kando ya mto huu tangu enzi za mababu. Aling'oa mche mmoja akanionyesha mizizi. Ilikuwa imeungua.

"Warya, kijana, hii umeipa chakula ama umeipa sumu?"

Nikamweleza hesabu yangu ya ngamia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mahindi ni mwana-mbuzi, si ngamia. Ananyonya kidogo kidogo. Ukimshindilia siku moja, unamzika."

Hapo nikaelewa mara moja. Lugha ya mbuzi naijua.

Msimu wa pili nilifuata maneno yake. DAP kifuniko kimoja cha soda kila shimo, udongo kidogo juu, ndipo mbegu. CAN ikasubiri mahindi yafike magotini. Nikamwagilia kwanza, nikaiweka kando kidogo ya shina.

Ila kabla hata sijapanda, aliniuliza samadi yangu iko wapi. Nikasema sina. Alinitazama kwa huruma.

"Mtu wa mbuzi, huna samadi?"

Nyuma ya zizi la hooyo kuna kilima cha samadi cha miaka na miaka. Sisi huwa tunaichoma jioni kufukuza mbu. Naona haya hata kuandika.

Mama Habiba akaja na mkokoteni wa punda. Hooyo akamzuia pale pale kwa Kiswahili chake:

"Mama Habiba, hii mafi ya mbusi nabeleka wabi?"

"Shamba la mtoto wako. Hii ndiyo itaacha ngamia yako nyumbani."

Hooyo akaenda kuchukua koleo mwenyewe.

Wakuu, mahindi yalinipita kimo. Alhamdulillahi tulikula, tukauza, karo ikalipwa, na mabua akatafuna Adey. Sharti halikutajwa tena. Asubuhi moja hooyo aliniwekea chai mbele, maziwa yamejaa, akasema, "Kunywa haraka, samadi haijibebi." Nilikunywa machozi yakinilengalenga, nikasingizia moshi.

Nilichojifunza: mbolea ni dawa, ina kipimo na ina wakati wake. Uliza waliokutangulia shambani, hata kama watakucheka. Na kabla ya kukimbilia dukani, angalia kwanza kile unachochoma nyuma ya nyumba. Udongo sijaupima bado, kwa hilo nisuteni tu.

Siku hizi ukiwasha moto karibu na kile kilima, utagombana na hooyo.

Swali langu kwa wajuzi: samadi ya ngamia inafaa kwa vitunguu? Si mimi ninayeuliza. Ni hooyo. Ameshakodi kashamba kake, kando ya kangu, na amesema nisiguse mbolea yake.