Kimbunga cha Redioni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho hunirudia na harufu yake yote, harufu ya dagaa wabichi na mvua. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, naishi hapa hapa Ujiji kwa bibi mzaa mama. Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa mitumbwi, wengine na sufuria moja tu mkononi. Bibi alimpokea mmoja wao, Yozefina, mwenye mtoto mchanga, akamweka katika jiko letu la zamani uani, lisilo na paa ila turubai, akisubiri lori la kumpeleka kambini.

Basi redio ikatangaza kwamba kimbunga kinatoka baharini kuelekea Mtwara. Kaka yangu Hamisi alikuwa akifanya kazi huko. Siku tatu sikubanduka kwenye redio ile. Nilichora pwani na kimbunga ukutani kwa mkaa, na kila taarifa ya habari nikakisogeza kimbunga upana wa kidole. Nilikiona mchana kweupe, macho wazi: kitu kikubwa cheupe, kinakuja polepole bila miguu. Hofu ikanizidi akili, nikaamini kitafika hata kwetu. Usinicheke! Nilidhani kitapanda treni kama abiria mwingine, kishuke Kigoma mwisho wa reli. Nikaanua dagaa, nikapandisha mawe juu ya bati, nikafunga paa letu kwa kamba zote zilizokuwamo nyumbani.

Yozefina akaja mlangoni, mtoto mgongoni.

"Dada, nisaidie kamba kidogo. Turubai linapepea."

"Subiri habari ziishe," nikamjibu bila kugeuka.

Akarudi uani. Habari zikaisha, nami nikasahau.

Siku ya tatu, alasiri, redio ikasema kimbunga kimefia baharini. Nililia kwa furaha, nikajilaza sakafuni, mwili mwepesi kama unyoya. Ziwa sikulitazama. Ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, wingu lilikwisha kuwa jeusi tii, na upepo wa ziwa hautangazwi na mtu. Ulipiga mara moja. Nikasikia turubai likipasuka, nikatoka mbio. Yozefina alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amemwinamia mwanawe, mgongo wake ndio paa.

Bibi, na miguu yake mibovu, alikuwa amenitangulia. Akawaingiza ndani, akamvua mtoto nguo zilizolowa, akamfunga kwa kanga yake. Ndipo akanitazama. Hakupaza sauti.

"Mjukuu wangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtwara huna la kufanya ila dua. Huyu yuko hatua kumi. Umemfanyia nini?"

Nikaenda kumletea Yozefina nguo kavu.

Mtoto alishikwa na homa ya kifua. Siku nne tulikwenda naye zahanati, Yozefina na mimi tukipokezana kumbeba, na njiani ndipo nilipomuuliza, kwa mara ya kwanza, alivukaje. Akaniambia mumewe alimpandisha mtumbwini, yeye akabaki ufukweni kwa kuwa nafasi ilikwisha. Hajasikika tena. Siku zote zile alikuwa na habari hiyo nyuma ya ukuta wangu, nami nasikiliza redio! Nikamwomba radhi huku nalia.

"Humura, dada," akasema. Kwao ni kusema usihofu.

Mtoto akapona, alhamdulillahi. Lori lilipokuja, Yozefina aliniachia mtoto nimbebe hadi dakika ya mwisho.

Mwanangu, siku hizi habari za dunia nzima umezishika kiganjani. Sikukatazi kuwahofia walio mbali; damu nzito kuliko maji. Lakini hofu isiyo na kazi humpofusha mtu. Waombee wa mbali, kisha inuka ukamjulie hali wa karibu. Akikuomba, mpe papo hapo, maana "subiri" ni neno jepesi kwa anayelitamka, zito kwa anayeambiwa. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea wangu mpaka uzeeni.

Mungu akupe sikio la kumsikia anayebisha hodi kwa sauti ya chini, akulinde nchi kavu na majini, na siku yako ya dhiki asikukoseshe wa kukufungulia. Amina.