Moyo wa Chaki wa Mwalimu Sairakan

Watu wa Kok-Bulung, kijiji cha wafugaji milimani, walikuwa na msemo kwamba Mwalimu Sairakan akikuchorea farasi, utamsikia akipiga chafya. Hakuwa mchoraji wa kulipwa. Alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule pekee ya kijiji, na kwa miaka thelathini na mitatu, vitabu vilipokuwa havitoshi, aliujaza ubao kwa chaki za rangi: ua la tulipu lililopasuliwa katikati, figo, pafu, jicho la yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Lakini fahari yake ilikuwa moyo wa binadamu. Aliuchora kila mwaka theluji inapoanza kulegea, upande mmoja buluu, upande mwingine nyekundu. Kengele ya mwisho ikilia, alichukua kitambaa chenye maji, akaufuta, akaenda zake nyumbani kukamua ng'ombe. Hakuwahi kuusikitikia. Kesho yake ubao ulikuwa wa mwalimu wa hesabu.

Mwaka aliotimiza hamsini na saba, msichana mmoja wa darasa la nane aitwaye Asilgul alikosa shule wiki nzima kwa sababu kondoo wa kwao walikuwa wakizaa. Aliporudi, hata begi hakuliweka chini. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya ubao.

"Mwalimu, moyo uko wapi?"

"Nimeufuta, mwanangu. Siku yake imepita."

"Wote?"

"Kwani huwa naubakiza robo?"

Darasa zima likacheka. Asilgul hakucheka. "Dada yangu aliniambia hata nikikosa Nooruz, sherehe ya mwaka mpya, nisikose siku ya moyo," alisema, kisha akaenda kukaa mahali pake.

Maneno yale yalimganda Sairakan kama mbegu ya mbigili kwenye sufu. Wiki hiyohiyo mkuu wa shule akatangaza kwamba mwezi wa tano kila mwalimu angefundisha somo moja la hadhara, mbele ya wazazi na wageni kutoka wilayani watakaotoa alama, kwa slaidi na projekta mpya. Sairakan alikuwa ameshatayarisha udhuru wake: amebakiza mwaka mmoja astaafu, mafunzo ya walimu ya kipindi cha baridi yalimpita akiwa anamuuguza mama yake, wamwache na chaki zake. Badala ya kuutoa, alitembea mpaka chumba cha kompyuta na kugonga mlango.

Aliyefungua alikuwa Emilbek, kijana wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye mwalimu wa kompyuta. Nyuma yake darasa la nane lilikuwa limeketi wawiliwawili kwenye mashine nane, likijifunza kutengeneza slaidi.

"Nimekuja kusoma," alisema Sairakan.

Emilbek akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Mwalimu, karibu, lakini nitakufundisha peke yako, kazi zikiisha. Hawa watakucheka."

"Waache wanicheke. Mimi nimewacheka miaka mingapi wakiniambia popo ni ndege?"

Akaketishwa kando ya Asilgul. Kipanya kikawa cha kwanza kumtia adabu. Kila mshale ulipofika ukingoni mwa skrini alikinyanyua hewani na kukiyumbisha.

"Mwalimu, hakirushwi! Kinaburuzwa," Asilgul alinong'ona, na wavulana wa nyuma wakaziba midomo kwa mikono ya sweta.

Akakiburuza. Akafungua slaidi mpya, nyeupe kama malisho baada ya theluji ya kwanza. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika juu: FIGO NA KAZI ZAKE. Alipotaka kuyasogeza akabonyeza asichokijua, na maneno yote yakatoweka.

"Basi," akasema, "tuanze upya."

"Si lazima, Mwalimu." Asilgul akabonyeza vitufe viwili pamoja, na maneno yakarudi, kila herufi mahali pake.

Sairakan akaisogelea skrini. "Rudia."

Asilgul akayafuta, akayarudisha.

"Subhanallah. Kuna kitufe cha kurudisha kilichofutwa?"

"Kipo siku zote."

"Na hamkuniambia!" Siku ile alikibonyeza labda mara mia, akifuta na kurudisha, akifuta na kurudisha, na kila mara alicheka peke yake kama mtoto aliyegundua mwangwi bondeni.

Wiki ya pili walifika kwenye madoido, na hapo akili ikamruka. Alipogundua kwamba maneno yanaweza kuingia yakiruka, yakizunguka, yakidondoka kama mvua ya mawe, na kwamba kila moja laweza kupewa mlio wake, hakuacha hata moja. Figo yake iliingia ukutani, kwa projekta, ikipiga pindu, ikifuatwa na mlio wa gari linalofunga breki, kisha makofi. Darasa lilicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Emilbek alingoja watulie.

"Haya. Nani ataniambia figo inafanya kazi gani?"

Maneno yalikuwa bado ukutani, makubwa kama milango, na hakuna aliyekuwa ameyasoma.

"Toa yote," alisema Sairakan.

"Si lazima yote, Mwalimu. Slaidi moja, jambo moja. Maneno machache, mengine uyaseme kwa mdomo."

"Hilo nilikufundisha mimi, ukiwa na kamasi puani. Nimelisahau wiki mbili tu."

Kwa somo la hadhara, Emilbek alimshauri achukue mchoro wa moyo ulio tayari kwenye mtandao; ilikuwa kazi ya dakika moja. Akamfungulia mmoja, laini, unaong'aa, na kila mshipa umeandikwa jina lake. Sairakan aliutazama kwa muda mrefu.

"Mzuri. Lakini umekuja mzima mzima," alisema. "Mtoto ataanzia wapi kuutazama? Mimi ubaoni naanza na mstari mmoja. Anauona ukizaliwa."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Programu haichori kwa chaki."

"Na kila mstari nikiupiga picha? Mstari, picha. Mstari, picha. Kila picha na slaidi yake."

Emilbek akahesabu kichwani. "Zitafika slaidi sitini!"

"Kwani zinauzwa?"

Jumapili, shule ikiwa tupu, alimleta mumewe Mukash, dereva mstaafu wa trekta. Waliifunga simu kwenye mgongo wa kiti kwa mkanda wa sufu, kiti wakakiweka juu ya meza, na kazi ya Mukash ikawa kubonyeza tu.

"Usipumue, simu itatikisika."

"Nisipumue? Utapata moyo wa chaki, umkose mume."

Walipofika picha ya thelathini Mukash alienda kuchukua chai, akakikumba kiti, na kwenye simu moyo ukaonekana umehamia upande mwingine. Wakafuta, wakaanza upya. Ilikuwa alasiri walipomaliza, mikono ya Sairakan ikiwa buluu na nyekundu mpaka viwikoni. Mwishoni alichora michoro miwili ya ziada, juu ya uleule: moyo umejaa, moyo umejikamua. Mukash akauliza hiyo ni ya nini. Akamwambia angoje.

Kuzipanga picha kwenye slaidi kulichukua alasiri tatu, mashine ikiachwa bila kuzimwa. Siku ya tatu, alipofunga faili, mashine ikamuuliza swali kwa Kirusi, kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Alikuwa amechoka. Alidhani inamuuliza kama anataka kuendelea na kazi. Akabofya Hapana.

Asilgul ndiye aliyeona kwanza. Uso ulimbadilika rangi. "Mwalimu... hukuhifadhi?"

Sairakan akatafuta vile vitufe viwili, akavibonyeza. Havikurudisha kitu, kwa kuwa faili ilishafungwa. Akaendelea kuvibonyeza. Kisha mama yule, aliyefuta mioyo thelathini na mitatu kwa mkono wake bila kupepesa jicho, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa na kulia mbele ya mtoto. Alijishangaa kwa kulia. Ubaoni hakuwahi kutumaini kwamba kitu kitabaki.

"Picha zipo kwenye simu," Asilgul alisema taratibu. "Tumepoteza kuzipanga tu. Sogea, Mwalimu, tugawane."

Alasiri moja ikatosha safari hii, maana vidole vilishajua njia. Kila slaidi tano zikiingia, mmoja alimwambia mwenzake, "Hifadhi!" na mwenzake akajibu, "Nimehifadhi!" kama askari wa zamu. Zile picha mbili za mwisho Sairakan akazinakili tena na tena, moja baada ya nyingine, mara arobaini. Ndipo akamwita Emilbek.

"Naweza kuziambia slaidi zibadilike zenyewe, nisibofye?"

"Unaweza. Kila slaidi unaipangia muda wake." Akamwonyesha mahali, akaweka nusu sekunde, akarudi nyuma hatua moja.

Mstari ukatokea juu ya ubao mweusi, hakuna mkono. Mwingine ukaufuata. Ukuta wa chumba cha kwanza ukajengeka, kisha cha pili, vali zikafungua vidomo vyao, buluu ikaingia, nyekundu ikatoka, mshipa mkuu ukapinda kama shingo ya bata. Moyo ukakamilika. Na ulipokamilika, ukapiga. Ukajaa, ukajikamua. Ukajaa, ukajikamua, vumbi la chaki likitetemeka pembeni kila ulipobana.

Sairakan aliishika meza. Alikuwa ameuchora maisha yake yote na hakuwahi kuuona ukiishi. Asilgul, bila kujua, alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Mwalimu," Emilbek alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimesomea haya chuoni miaka minne. Sijawahi kuona kitu hiki."

Siku ya somo la hadhara ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mazulia ya sufu, wageni wa wilaya wakaketi mbele na kalamu zao, na wafugaji walioshuka kutoka malishoni wakasimama nyuma na kofia zao kichwani. Sairakan alikuwa ameandaa maneno ya kila slaidi. Alisema matano ya kwanza. Moyo ulipoanza kujichora kwenye ukuta mweupe, mkubwa kuliko trekta, aliona hakuna haja ya mengi. Alitaja tu majina, polepole, kila sehemu ilipozaliwa.

Ukaanza kupiga.

Mzee Kalmurza, mchungaji wa miaka sabini na kitu, akajitoa katika safu ya nyuma, akapita katikati ya viti mpaka kwenye mwanga wa projekta. Moyo ukamwangukia mgongoni, ukapiga juu ya koti lake.

"Mzee, unatuzibia!" mtu akaita.

"Niacheni." Alikuwa ameweka kiganja ukutani, pale damu inapotokea. "Kondoo nimechinja tangu nikiwa mtoto. Moyo nimeushika mkononi, ungali na joto, sijui mara ngapi. Wala sikujua damu unaipeleka wapi." Akageuka, machozi yakimtiririka ndevuni bila kuyafuta. "Mwalimu, huu unapiga hivi sasa ndani yangu? Nikilala pia?"

"Ukilala pia, baba. Tangu ukiwa tumboni mwa mama yako."

"Bila kupumzika?"

"Unapumzika kidogo kila unapojaa. Ni hapo tu."

Mzee akautazama tena, ukijaa na kujikamua. "Na mimi nalalamika kwamba nimechoka," alisema, na ukumbi ukacheka kwa sauti ya chini, kila mtu akiwa na mkono kifuani.

Wageni wa wilaya walisahau kuandika alama, ikabidi mkuu wa shule awakumbushe wakati wa chai na maandazi ya boorsok. Walimpa nafasi ya pili. Ya kwanza alipewa mwalimu wa fizikia, na Sairakan alisema ni haki, kwa kuwa yeye aliharibu dakika kumi akimjibu Mzee Kalmurza. Faili wakaiomba. Emilbek akawapa, ikaanza kutembea shule hadi shule. Mwaka uliofuata Sairakan alistaafu, lakini kila Jumamosi aliendelea kuja na chaki kumpigisha Mukash picha: pafu likivuta hewa, tulipu likifunguka, mbegu ya shayiri ikipasua udongo.

Siku moja ya vuli kikafika kifurushi cha slaidi kutoka kwa mwalimu wa bonde la mbali huko kusini, ambaye hakumfahamu. Barua yake ilikuwa ya mistari miwili: wanafunzi wangu wameuona moyo wako, wakasema nao watajaribu. Sairakan akakifungua. Juu ya ubao wenye ufa katikati, kwa chaki nyeupe tupu, mkono asioujua ulikuwa ukichora sikio. Mistari ilitetemeka, sehemu fulani imefutwa ikarudiwa. Kisha mfupa mdogo kuliko yote ukagonga, wimbi la sauti likaingia ndani ya mfereji wa sikio uliojikunja kama konokono, likazunguka, likazunguka, mpaka likafika katikati.

Alitazama mara nne. Kisha akamwita Mukash kutoka uani, akampa kiti, akasema, "Kaa hapa. Usiseme kitu. Tazama walichofanya watoto hawa."