Kilo Zilizopotea Chimala

Aibu nimeziona nyingi, ila hii ya Chimala bado nikiikumbuka natafuta mahali pa kuficha uso, na nikiieleza nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, hata mimi mwenyewe, ingawa sina hakika kama nastahili.

Mimi ni mhudumu wa maabara hapa chuoni Mbeya, naosha vyombo na kupokea mizigo. Chuo kilikuwa kinaweka vifaa kwenye maabara mpya ya vinasaba, ambako tone moja tu la damu au kijipande cha jani kinawaeleza wanafunzi mambo mengi (ndivyo nilivyoelewa, nikikosea nisamehewe). Mashine zilishafika, zikabaki dawa zake, ambazo zililetwa kutoka Dar mpaka Iringa, na sisi tukatumwa kuzifuata, mimi na dereva Kibona. Dokta, mkuu wa maabara, aliniambia, "Atu, ndani kuna barafu. Boksi likae wima, lisipigwe jua, lisifunguliwe." Hakueleza zaidi na mimi sikuuliza, kwa hiyo hapo kosa tugawane.

Pale Mlandege, Iringa mjini, tulipolichukua boksi nikakutana na Bi Zuhura, jirani yangu wa Mbeya, mama mtu mzima anayeuza mchele, alikuwa anatoka msibani, nikamwombea lifti mimi mwenyewe. Akakaa nyuma, boksi pembeni yake. Makambako tukashuka kula, yeye akabaki garini kwa sababu alikuwa amefunga sunna.

Sasa Chimala hakuna mtu wa Mbeya anayepita bila mchele. Tukasimama kwa Sanga, ambaye ndiye anayemuuzia Bi Zuhura mchele wa biashara miaka yote. Kibona akalishusha boksi ili gunia lipate nafasi, nikalipokea, nikaona jepesi. Iringa lilinivuta mabega, sasa nalibeba kama kikapu cha mboga. Mzani ulikuwa palepale, nikasema hebu nilipime. Karatasi ya juu, iliyobandikwa Dar, ilisema kilo kumi na nane, mzani ukasema kumi na moja.

"Mzani wako una shida," nikamwambia Sanga.

"Mzani huu, dada? Kama una shida basi wilaya nzima ya Mbarali tunaibiana."

Hapo nikaanza kufikiri, na ni afadhali nisingefikiri, maana nilijiambia barafu ikiyeyuka inakuwa maji, na maji yana uzito uleule, hilo hata mimi niliyeishia kidato cha pili nalijua, na boksi ni kavu, halijavuja hata tone, basi kama kilo zimepungua kuna mtu kazitoa (utepe uliofungia boksi ulikuwa mzima, lakini wezi wa siku hizi huwawezi), na aliyebaki peke yake na boksi ni mmoja tu. Sikumshtaki. Nilimuuliza tu, kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Bi Zuhura, samahani, pale Makambako hukuona mtu akigusa boksi?"

Sokoni masikio hayalali.

"Bibi kachomoa dawa za chuo," mmoja akasema.

"Si nasikia kafunga?"

"Kafunga kula, mikono hajaifunga."

Bi Zuhura hakubishana. Alifungua begi lake mwenyewe, akatoa kitu kimoja kimoja na kuweka juu ya mzani, kanga za msibani, kobazi, mwishoni gagulo. "Pima, mwanangu. Kilo zako zikiwemo, chukua." Wanaume wakacheka. Kibona akageuka akajifanya anakagua tairi.

Nikampigia Dokta kuripoti wizi. Aliuliza kama utepe ni mzima, nikasema ni mzima, akashusha pumzi. "Atu, hiyo si barafu ya maji. Ni hewa iliyogandishwa, inarudi kuwa hewa, inapungua njiani yenyewe. Njooni upesi kabla haijaisha."

Sikuelewa, lakini ilibidi niwaeleze watu. "Jamani, barafu imegeuka hewa."

"Kilo saba za hewa?" Sanga akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Dada, umeona aibu kumpeleka jirani yako polisi, sema tu."

Dawa zilifika salama na wanafunzi wakaanza mafunzo. Bi Zuhura ndiye aliyepata hasara, maana kila akienda Chimala walimuuliza hewa kilo ngapi leo, mpaka akaacha kwenda. Mzigo wa pili ulipokuja nikamwomba Dokta kipande cha ile barafu, akanipa kwenye kiboksi, nikamsihi Bi Zuhura twende nikamsafishe palepale nilipomchafua. Akakubali kwa shingo upande. Nilikipakata kiboksi njia nzima, hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Kwa Sanga watu wakajaa. Nikafungua. Ndani hamkuwa na kitu, pakavu kabisa.

"Barafu iko wapi?" Sanga akauliza.

"Imeshakuwa hewa."

"Alikuwa nayo nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Sanga akamgeukia Bi Zuhura. "Mama, tusamehe. Mwizi tumempata." Soko zima likacheka, na Bi Zuhura akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, kisha akapimiwa mchele wake kama zamani.

Mpaka leo sijui hewa inapimwaje kwa kilo. Ila kitu kikipungua mikononi mwangu, siku hizi kwanza namuuliza anayekijua, tena pembeni.