Maoni Yangu Juu ya Wimbo wa Binamu

Kwenye grupu letu la simu kuna neno moja tu la kusifia wimbo, nalo ni moto. Mtu anatunga msimu mzima huku analima, anahangaika mpaka anarekodi, anauweka wimbo wake pale roho mkononi, halafu inashuka: moto, moto, unyama sana, moto, na vipicha vya ndimi za moto kama kijiji kimeungua. Hakuna aliyeusikiliza. Najua hawakuusikiliza kwa sababu moto wa kwanza unaingia kabla mwimbaji hajamaliza hata ubeti wa kwanza. Neno lile linanikera, na halijaacha kunikera.

Mimi ni fundi cherehani wa Rasbura, hapa Lindi. Ala hata moja sijui kupiga. Nilichonacho ni sikio, na sikio hilo nililipata madrasa, nilipokuwa naongoza kasida. Ustadhi wetu alikuwa hana mchezo na pumzi. Alitufundisha mahali pa kusimama na mahali ambapo mtu hathubutu kusimama, na ukikata katikati ya neno alikurudisha mwanzo mbele ya wenzako wote. Sauti ya kukwaruza aliisamehe. Pumzi hakuisamehe hata siku moja.

Basi nilipoingizwa kwenye grupu la wanamuziki wetu wa kusini, hawa wanaojirekodi wenyewe bila meneja wala mtaji, nikawa nawasikiliza kweli. Wimbo nauweka masikioni, mguu uko kwenye cherehani, nausikia mara ya kwanza, ya pili, mpaka niseme kitu. Niliandika marefu. Huyu nilimwambia kinanda kimemmeza. Yule nilimwambia ubeti wa pili ni ule wa kwanza uliobadilishwa kanzu. Dada mmoja wa Kilwa Kisiwani nilimwambia aache kuimba kwa puani kama watu wa Dar, kwao wanaongea vizuri, aimbe anavyoongea. Wengine walininunia. Wengine walinishukuru chemba, mbele za watu wakaona aibu. Wakanibatiza Bi Mkubwa, wakaniambia naringa. Sikujali, kwa sababu mtu aliyekupa wimbo wake amekupa kitu, na kumrudishia moto ni kumtupia ganda.

Humo ndani alikuwemo binamu yangu, mtoto wa shangazi.

Huyu alikuwa mkulima wa korosho kwenye vilima vya ndani kule Kilwa, na msimu ukifika alikuwa mpuliza salfa, ule unga wa dawa ya ukungu, anabeba pampu mgongoni anakwenda kupulizia mikorosho yake na ya watu. Alipenda kuimba tangu tukiwa watoto. Alikuwa na wimbo mmoja aliokuwa akiutunza kama mwali. Kila akiuimba hauridhii, anashuka tena Somanga, kwa prodyuza mmoja mwenye kompyuta na chumba alichokizungushia magodoro ukutani, anaurekodi upya. Prodyuza huyohuyo ndiye mwenye grupu. Kiitikio chake kilikuwa hivi: Mama nimerudi na mvua, nifungulie mlango wa uani. Mstari mrefu, na yeye alikuwa anaupeleka kwa pumzi moja, kuanzia mama mpaka uani, bila kuyumba. Mara ya kwanza niliposikia niliacha kushona. Nikamwandikia kwamba hapo ustadhi angemvulia kofia.

Sasa, mimi na yeye ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Kwetu hili halina mjadala. Yeye alikuwa ananiita mke wangu mbele ya mume wangu. Mimi namwita mwizi wa nazi. Akija Lindi ananiambia nimezeeka, namwambia yeye amezaliwa mzee, tunacheka, tunakula. Mtani hakasirikiwi na wala haaminiwi. Akisema nyumba inaungua, unamwuliza kama ameleta mihogo ya kuchoma.

Wimbo ulipokuja tena, baada ya msimu wa salfa, mstari ulikatika. Aliimba mama nimerudi na mvua, akasimama, akavuta hewa, ndipo akamalizia. Nikadhani ameamua hivyo. Watu wakamwaga moto. Mimi nikauliza kwa nini amesimama, hakunijibu. Ulipokuja tena, akawa anasimama baada ya nimerudi, na baada ya mvua, na uani haikufika, ilizimika njiani. Nilirudia kusikiliza mpaka mume wangu akaniuliza nina nini. Mtunzi anaweza kuubadilisha wimbo, lakini habadilishi kwa kuvutavuta hewa vile. Yule alikuwa mtu anayepanda mlima akiwa amekaa.

Niliandika kwenye grupu, na maneno yenyewe nayakumbuka. Binamu, leo sitanii. Mstari huu ulikuwa unaumaliza kwa pumzi moja, sasa unaugawa mara tatu na bado hufiki. Tatizo hilo haliko kwenye wimbo, liko kifuani. Acha pampu, nenda hospitali upimwe.

Vichwa vya njano vinavyotoa machozi ya kucheka vikajaa kioo kizima. Mmoja akaandika, mtani kaua. Mwingine akasema, mke kagundua mume hana pumzi. Na yeye mwenyewe, binamu yangu, akajibu: mke wangu, kama unakitamani kifua changu sema tu, usipitie kwenye nyimbo za watu. Grupu likacheka siku nzima.

Nikampigia simu. Nikamwambia wallahi sitanii. Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, akasema hata kiapo cha mtani hakina kafara. Nikamwomba simu ampe mkewe. Nikamwambia yule mwanamke, mpeleke mumeo hospitali, na umfikishie shangazi salamu zangu, umwambie nimesema mwanawe anaumwa, maana shangazi hana simu, kila kitu kinapitia kwa mkwewe. Akaniambia, mke mwenzangu, wivu utakuua wewe, kama unamtaka njoo umchukue na pampu yake. Nilitamani kumpiga kofi kwa njia ya simu. Lakini yeye alikosa nini? Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea miaka yote.

Nikatafuta mtu mwingine wa kumwambia. Kaka zangu na dada zangu wote ni mabinamu zake kama mimi, na wote ni watani. Marehemu baba yangu, mjomba wake, ndiye angemwita akaitika, maana mjomba hatanii. Ila baba alishatangulia. Nikabaki mimi na maneno yangu, kila nikiyasema yanakuwa kichekesho.

Kisha wimbo ukaja mpya, na mstari ulikuwa mzima. Mama nimerudi na mvua, nifungulie mlango wa uani, moja kwa moja. Moyo wangu ulitulia kidogo tu. Niliposikiliza vizuri, sauti ya uani haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya zamani, ya ile rekodi ya kwanza, imechukuliwa ikaungwa hapo kama kiraka. Mimi ni fundi wa nguo, kiraka nakijua. Prodyuza wa Somanga akaandika chini yake: Bi Mkubwa, maoni yako kuhusu pumzi yamefanyiwa kazi.

Niliandika maneno makali sana siku ile, nikamwambia amemtibu mgonjwa kwenye picha. Wakacheka. Moto, wakasema, Bi Mkubwa leo kaamka vibaya.

Binamu yangu alikufa mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua. Walimpeleka hospitali hatimaye, kwa kubebwa, na daktari akasema mapafu yamechoka na wamechelewa. Niliambiwa hivyo kwa simu, na mkewe safari hii hakuniita mke mwenza.

Tulikwenda kuzika. Wanaume waliporudi kutoka makaburini watani wakaanza kazi yao, kama ilivyo ada. Mmoja alivaa koti la marehemu, mwingine alijitwika ile pampu mgongoni akawa anazunguka uani anapulizia salfa masufuria ya wapishi. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na ndiyo faida ya utani msibani, sibishi, unawainua watu. Wazee wakawa wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Niliwasikia nikakereka. Sikio lake lilikuwa zima. Dawa ilisemwa na mtani, na mtani hana dawa.

Mtu akapaza sauti, mke wake wa Lindi yuko wapi, aliyekuwa anamsema kwenye grupu? Atuimbie mumewe alivyokuwa anaimba. Wakanivuta mkekani. Mtani hakatai msibani, akikataa atakuwa amemkana marehemu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwatukana wote, lakini nikasimama, nikaimba.

Niliimba kama alivyoimba mara ya mwisho kabla ya kiraka. Mama nimerudi. Nikasimama, nikavuta hewa. Na mvua. Nikavuta tena, ile ya kukwaruza. Nifungulie mlango. Uani sikuifikisha, niliiacha izimike pale alipoiachia yeye. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, na nilivyowachukia saa ile Mungu anajua.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amekaa ukutani, kanga imemfunika mpaka kichwani, akaifunua. Akaniita kwa mkono nikapiga magoti mbele yake.

"Alikuwa anaimba hivyo?"

"Hivyo, shangazi."

"Mimi alinisikilizisha ule wa kwenye simu yake. Ule aliumaliza."

"Ule uliungwa, shangazi. Nilikuletea salamu."

"Niliambiwa umesema mwanangu anaumwa." Akautazama uwanja na yule mtu mwenye pampu. "Tukacheka hapahapa uani. Na mimi nilicheka."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, nikaishia kumrudishia kanga kichwani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa umemwagika miguuni mwa mama wa watu. Nilikaa naye mpaka aliponiambia niende nikawasaidie wenzangu kuosha vyombo.

Kumbe kuna mtu alinirekodi nikiimba. Jioni nilipofungua simu nikajikuta nipo kwenye grupu, nimesimama mkekani navuta hewa, na chini yangu ndimi za moto mfululizo. Moto, Bi Mkubwa. Unyama. Mtani kaua.

Katikati ya moto kulikuwa na maoni marefu, ya prodyuza wa Somanga. Huyu peke yake alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Aliandika: Bi Mkubwa, hongera, pumzi umezipatia zote, umekata palepale alipokuwa anakata. Ila umesahau vikohozi. Vilikuwa vingi kabla ya kiitikio, siku nyingine mpaka anakaa chini. Nyinyi hamkuvisikia kwa sababu mimi nilikuwa navikata kwenye kompyuta.